Ng'ambo Ambayo Hawakuifikia

Katika Kiswahili cha leo neno ndoto limebeba maana mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya asili, ni yale mtu anayoyaona akiwa usingizini. Ya pili, ambayo imeenea kwa kasi kupitia shule, redio na mimbari katika miongo ya karibuni, ni lile jambo kubwa ambalo mtu analitamani maishani, analifanyia kazi na kuliombea, kama vile kusoma hadi chuo kikuu, kupata mtoto, kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, au kurudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kutafuta maisha ugenini. Waliotangulia waliyaita mambo hayo nia, matarajio au haja za moyo, na majina hayo yalikuwa na faida yake, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba kila haja ya moyo ni lazima ipatikane. Neno ndoto, kwa maana yake mpya, limekuja limeshikana mkono na kitenzi kutimiza, na kushikana huko kumekuwa kwa nguvu kiasi kwamba mtu ambaye ndoto yake haikutimia hujiona hakukosa kitu tu, bali amepungukiwa utu.

Kwa mwenye kumwamini Mungu maumivu hayo huzidi, kwa sababu jambo lililokosekana liliwahi kuombewa, pengine kwa kufunga na kukesha, na aliyeombwa anasadikiwa kuwa na uwezo wote na upendo wote. Ikiwa aliweza na hakutoa, je, hakupenda? Ikiwa alipenda, mbona amenyamaza miaka yote hii? Maswali hayo mara nyingi huchukuliwa kuwa dalili ya imani haba, na wanaoyauliza hukaripiwa kwa upole au kwa ukali, ilhali ukweli ni kwamba huulizwa na watu waliomtarajia Mungu kwa dhati. Asiyemtarajia Mungu kitu chochote hana cha kumlalamikia.

Mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, katika Mkoa wa Ruvuma, ni mahali panapofaa kulitazama suala hili bila haraka. Hapo, kati ya Lituhi upande wa kaskazini na Mbamba Bay upande wa kusini, vipo vijiji vya Liuli na Lundo, ambavyo kwa miaka mingi vilihesabiwa katika Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Watu wa mwambao huo, wengi wao Waanglikana, na majirani zao Wamatengo wa milimani, wengi wao Wakatoliki waliopokea imani kutoka kwa Wabenediktini wa Peramiho, wanaishi katika nchi ambayo Ukristo wake haukuja kwa mipango iliyokwenda sawa. Kwa upande wa ziwani hasa, ulikuja kwa mfululizo wa ndoto zilizokwama, zilizoahirishwa na zilizozikwa, na ambao leo wanasali katika makanisa ya Liuli ni warithi wa watu ambao wengi wao hawakuuona ufuko huu.

Kabla ya kufika kwenye historia hiyo yafaa maneno manne yapambanuliwe, kwa sababu mara nyingi huchanganywa. Kutumaini ni kuelekeza moyo kwenye jema ambalo bado halijaonekana. Kutegemea ni kuweka uzito wa mwili juu ya kitu kingine, kama mtu anavyoegemea nguzo, kwa hiyo anayemtegemea Mungu si yule anayemfikiria tu bali ni yule ambaye, nguzo ikiondolewa, ataanguka. Kutawakali, neno ambalo Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu na ambalo Waislamu wa pwani na bara wanalitumia kila siku, ni kumkabidhi Mungu matokeo baada ya mtu kufanya sehemu yake. Mapokeo ya Mtume Muhammad yanasimulia juu ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga ili atawakali, akaelekezwa kwamba amfunge kwanza. Majaliwa, hatimaye, ni kile ambacho mtu amejaliwa na Mungu, na ni neno zuri linapotamkwa kwa shukrani, ila hugeuka kuwa kifuniko linapotumiwa kuyafunga mazungumzo, pale jirani anapoambiwa kwamba ndiyo majaliwa yake ili asiendelee kulia.

Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone, tabibu na mmisionari wa Kiskoti, alihutubia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akiwataka vijana waichukue kazi ya Afrika ya Kati. Kutokana na wito huo iliundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, inayojulikana kwa kifupi cha UMCA. Ndoto ya Livingstone ilikuwa na umbo mahususi: aliamini kwamba mto Zambezi ungekuwa barabara ya maji ambayo kupitia kwayo biashara halali na Injili vingeingia bara na kuiua biashara ya watumwa. Mwaka 1858 alipopanda mto huo alikutana na maporomoko ya Kebrabasa, ambayo leo yanaitwa Cahora Bassa, na ikadhihirika kwamba hakuna meli itakayopita. Aligeukia mto Shire, nao ukawa na maporomoko yake, akafika Ziwa Nyasa kwa miguu mwezi Septemba 1859. Ziwa lilikuwepo, tena kubwa kupita matarajio, lakini barabara ya maji kutoka baharini haikuwepo.

Kundi la kwanza la UMCA, likiongozwa na Askofu Charles Mackenzie, liliweka kituo Magomero, katika nyanda za juu za Shire, mwaka 1861. Walikusudia kuhubiri kwa amani; wakajikuta katikati ya vita vya kukamata watumwa, wakiwa na watu waliokombolewa ambao hawakuwa na pa kwenda. Miezi michache baadaye Mackenzie alisafiri kwa mtumbwi kwenda kupokea mahitaji, mtumbwi ukapinduka usiku na dawa za homa zikapotea majini, na tarehe 31 Januari 1862 alifariki dunia karibu na makutano ya mito Ruo na Shire. Wengine walifuata kaburini. Njaa kali ikaingia nchini, ikaua wengi kuliko homa, na wengi wa waliokufa walikuwa Waafrika wenyeji na wale waliokombolewa, ambao majina yao hayakuandikwa. Askofu William Tozer, aliyekuja kushika nafasi ya Mackenzie, aliamua mwaka 1864 kuiondoa misheni yote bara na kuihamishia Zanzibar. Livingstone alilichukulia jambo hilo kuwa kukata tamaa.

Hapa ndipo msimulizi wa siku hizi hushawishika kuurukia mwisho mzuri. Ni kweli kwamba kurudi nyuma kule Zanzibar kulimpa Edward Steere, aliyekuja pamoja na Tozer, miaka ya kujifunza Kiswahili kwa kina, akachapisha kitabu chake cha kufundishia lugha hiyo mwaka 1870 na kutafsiri Agano Jipya, na kwamba mwaka 1873 lilianza kujengwa kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Ni kweli pia kwamba Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na mwezi uliofuata soko la Zanzibar likafungwa kwa mkataba, bila yeye kuipata habari hiyo. Lakini mama aliyekufa kwa njaa Magomero hakulipwa kwa sarufi ya Kiswahili, hata iwe nzuri namna gani, na imani inayodai kwamba kila hasara ililipwa kwa faida iliyokuja baadaye inawafanya wafu kuwa ngazi ya kupandia walio hai. Mungu anaweza kutenda jema kutoka katika mabaya. Hilo ni fundisho la Kanisa tangu zamani. Kusema kwamba mabaya yenyewe yalikuwa mema ni jambo jingine kabisa.

Kati ya waliokombolewa mwaka 1861 na kukaa Magomero alikuwamo kijana wa Kiyao aliyeitwa Chuma. Miaka kumi na miwili baadaye yeye na Abdullah Susi walikuwa viongozi wa kundi lililoubeba mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi, na baadaye akawa kiongozi wa misafara ya UMCA iliyotoka pwani kwenda bara, hadi alipofariki Zanzibar mwaka 1882. Vitabu vimejaa ndoto za Livingstone, za Mackenzie na za Steere. Ndoto za Chuma mwenyewe, mtoto aliyetekwa kutoka kwao na kuishia kuwapeleka wengine makwao, hazikuulizwa na mtu, na yeyote anayeandika juu ya kumtumaini Mungu kando ya ziwa hili hana budi kusimama kidogo mbele ya ukimya huo.

Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka Zanzibar kupitia Lindi, kwa nia ya kuwarudisha karibu na nchi zao za asili upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi walichoka na kupapenda, wakakataa kuendelea, na Steere akakubali. Hivyo Masasi ikawa mji wa Kikristo kwa sababu safari ya ziwani ilikwama. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliishambulia, wakachoma nyumba na kuchukua mateka, na makazi yale yakatawanyika. Kiongozi wa kituo wakati huo alikuwa Chauncy Maples, ambaye miaka kumi na mitatu baadaye aliwekwa wakfu Uingereza kuwa askofu wa eneo la ziwa, akasafiri kurudi kwa watu wake, na usiku wa tarehe 2 Septemba 1895 akazama katika dhoruba akiwa njiani kwenda Likoma. Hakuwahi kufika kwenye kiti chake cha uaskofu.

Rafiki yake tangu chuoni Oxford, William Percival Johnson, ndiye anayelihusu zaidi eneo la Liuli na Lundo. Johnson, aliyezaliwa mwaka 1854, alikuwa amejiandaa kwa utumishi wa serikali huko India, akaiacha nafasi hiyo na kufika Zanzibar mwaka 1876. Alijaribu kwanza kuishi kwa Mataka, mtawala wa Wayao mashariki ya ziwa, akafukuzwa. Alipofika ziwani pamoja na mwenzake Charles Janson, Janson aliugua na kufa mwezi Februari 1882, muda mfupi tu baada ya kuyaona maji aliyokuwa ameyaendea kwa miguu mamia ya maili. Johnson akapata wazo la meli: ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 na vijiji vilivyotawanyika kando yake lilihitaji kanisa linalotembea juu ya maji. Alikwenda Uingereza akachangisha fedha, meli ikajengwa, ikavunjwa vipande na kubebwa na wapagazi kuyapita maporomoko ya Shire, na wakati kazi hiyo ikiendelea macho yake yakashikwa na ugonjwa mkali. Alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja na la pili likabaki dhaifu kwa maisha yake yote. Meli hiyo, iliyopewa jina la Charles Janson, iliingia majini mwaka 1885.

Inafaa jambo hili litazamwe kwa karibu. Mtu ambaye kazi yake ni kusoma, kuandika na kutafsiri ameharibikiwa macho, na tena ameharibikiwa macho hayo katika kuitumikia ndoto ambayo aliamini imetoka kwa Mungu. Kwa kipimo cha mahubiri mengi ya leo hiyo ingekuwa ishara kwamba njia imefungwa, au kwamba pana dhambi iliyofichika. Johnson hakutoa maelezo ya namna hiyo. Alirudi ziwani, akatembea kijiji hadi kijiji kwenye ufuko wa mashariki, akatafsiri Biblia kwa Kinyanja akiwa na uoni hafifu, na kuzeekea huko. Meli kubwa zaidi, iliyoitwa Chauncy Maples kwa kumbukumbu ya rafiki aliyezama, iliingia ziwani mwaka 1901 na kutumika kuwa chuo cha walimu kinachoelea. Johnson alifariki Liuli mwezi Oktoba 1928 akiwa na umri wa miaka 74, akazikwa hapo hapo. Katika miaka yake hamsini na miwili ya Afrika aliwazika karibu wote aliokuja nao.

Kinachojifunzwa kutokana na maisha hayo si kwamba mvumilivu hatimaye hupata meli. Ni kwamba ndoto ina matabaka mawili, na kumtegemea Mungu kunayagusa matabaka hayo kwa namna mbili tofauti. Tabaka la juu ni umbo: meli hii, mwaka huu, macho haya, chuo hiki, mume huyu. Tabaka la chini ni lile ambalo umbo hilo lilikusudiwa kulihudumia: watu wa ufuko wasikie habari njema, mtoto alelewe na kupendwa, mikono ya mtu ifae kitu duniani. Wengi huung'ang'ania umbo kana kwamba ndilo ahadi, na Mungu asipolileta humwona mvunja ahadi. Wengine, wakiogopa kuumia, huyatupa matabaka yote mawili na kuuita ukavu wa moyo wao kwa jina la unyenyekevu. Kuwa tayari kuliachia umbo huku mtu akilishika lile la chini kwa mikono miwili ni kazi ngumu kuliko zote mbili, na ndiyo inayostahili kuitwa imani.

Maandiko ya Biblia yana mifano ambayo haisomwi sana kwenye sherehe. Daudi alitamani kumjengea Mungu nyumba, nabii akamwambia kwanza kwamba ni wazo jema, kisha akarudi na jibu la kukatazwa. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinaeleza kwamba Daudi hakusononeka na kukaa, bali aliandaa mawe, chuma, shaba na mierezi kwa wingi ili mwanawe ajenge. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi juu ya mpango wake wa kwenda Hispania, na Agano Jipya halisemi popote kwamba alifika. Musa aliiona nchi kutoka mlimani. Kitabu cha Yeremia, sura ya 29, kina ahadi inayopendwa mno kuhusu mawazo mema ya Mungu na tumaini la siku za mwisho, ahadi inayoandikwa kwenye kadi za mahafali na vioo vya daladala, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba imo ndani ya barua iliyoandikwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, na kwamba barua hiyo hiyo iliwaambia kurudi kwao kungechukua miaka sabini. Kwa hesabu ya kawaida ya umri, wengi wa watu wazima walioisikia ikisomwa wangekufa na kuzikwa ugenini. Wakati huo wote waliagizwa kujenga nyumba, kupanda bustani, kuoza watoto wao na kuuombea heri mji uliowateka. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya mtu mmoja mmoja kwa ratiba yake mwenyewe.

Ndiyo maana fundisho linaloitwa injili ya mafanikio, yaani mafundisho yanayodai kwamba mwenye imani ya kutosha akitamka jambo na kutoa sadaka iitwayo mbegu lazima alipate, linawaumiza watu kwa namna ya pekee. Linapofaulu linamfanya Mungu kuwa mtumishi wa tamaa. Lisipofaulu linamrudishia mwombaji lawama yote, na mwanamke aliyesubiri mtoto kwa miaka kumi na mitano huondoka ibadani akiwa amebeba utasa na hatia kwa pamoja. Kanisa ambalo mizizi yake iko Magomero na Masasi lingepaswa kuwa la mwisho kulipokea fundisho hilo.

Ni lazima pia isemwe wazi kwamba si kila ndoto iliyovunjika imevunjwa na Mungu. Mwaka 1960, huko Litowa katika Wilaya ya Songea, vijana wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kijiji cha kulima na kuishi pamoja, kikazaa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, RDA, chenye vijiji zaidi ya kumi vilivyojiamulia mambo yao na kuwa na shule yao wenyewe; mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Milimani Mbinga, ambako kahawa ndiyo iliyolipa ada za watoto kwa vizazi kadhaa, Chama Kikuu cha Ushirika, MBICU, kilianguka katika miaka ya 1990, na familia nyingi zikaona mipango yao ikiyeyuka pamoja nacho. Mambo hayo yalifanywa na watu, kwa maamuzi ya watu. Kumwambia mkulima ambaye jasho lake halikulipwa kwamba amwachie Mungu ni kumsingizia Mungu. Anachostahili kuambiwa ni kwamba Mungu huyo huyo anachukia mizani ya udanganyifu, na kwamba kudai haki ni sehemu ya kumtegemea.

Wamatengo wana kazi moja ya mikono inayouonyesha utegemezi wa aina hiyo kuliko hotuba nyingi. Ni kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayochimbwa kwa safu kwenye miteremko mikali. Mvua zikikaribia mwisho, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, mfano wa wavu uliotandazwa mlimani. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi, hata mstari uwe tuta na kati yake libaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo. Nyasi huoza polepole chini, magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni, maji ya mvua huzama badala ya kuuchukua udongo kwenda bondeni, na mahindi, ambayo ndiyo chakula kikuu, huja msimu unaofuata. Mkulima wa ngoro hana mamlaka juu ya mvua. Lakini mteremko ameupanga kwa namna ambayo mvua ikija, nyingi au haba, itakuta mahali pa kukaa. Huyo si mtu aliyelala akisubiri kudra, wala si mtu anayejidai kwamba mavuno ni yake.

Hata hivyo kazi haimalizi huzuni, na ni kosa kumfanya mtu awe na shughuli nyingi ili asilie. Zaburi, ambazo ni kitabu cha sala cha Wayahudi na Wakristo, zina sehemu kubwa ya maombolezo, yaani sala ambazo mwombaji anamlalamikia Mungu usoni pake. Zaburi ya 88 huanza katika dhiki na kumalizikia gizani, bila kugeuka kuwa wimbo wa shukrani kama zilivyo nyingine, na waliozikusanya waliiacha hivyo hivyo. Hilo ni jambo la kutia moyo. Linaonyesha kwamba kumwambia Mungu kuwa amechelewa kunaruhusiwa ndani ya ibada, na kwamba aliyefika mwisho wa sala yake bila jibu bado amesali. Msaada wa kwanza kwa mtu wa namna hiyo ni kukaa naye, kama desturi ya msibani inavyofundisha, ambapo wafiwa huketiwa siku kadhaa na wengi wa wanaoketi hawana maneno. Ndoto iliyokufa ni msiba usio na jeneza, na kwa kuwa haina jeneza hakuna anayetandika mkeka. Kijana aliyerudi nyumbani baada ya kukosa nafasi ya kuendelea na masomo, mwanamke ambaye umri wa kuzaa umempita, mzee aliyeugua kabla nyumba yake haijaezekwa, wote hupewa methali ya kwamba subira huvuta heri, ambayo ni ya kweli lakini huja mapema mno. Methali hiyo humfaa mtu ambaye mlango wake bado uko wazi, na haina la kumwambia yule ambaye mlango wake umefungwa kabisa. Huyo wa pili hahitaji kuambiwa asubiri. Anahitaji watu watakaokiri pamoja naye kwamba kitu kimepotea, na kisha, kwa wakati wake, watakaomsaidia kulitambua lile la chini ambalo halijapotea: mikono ambayo ingelea mtoto wake bado ni mikono ya kulea, na akili iliyotaka chuo bado inaweza kufundisha wadogo zake.

Upande wa ziwani kila mwezi una kipindi chake cha giza, siku ambazo mbalamwezi haipo, na ndizo siku za usipa, samaki wadogo wa fedha wanaovuliwa kwa kuvutwa na mwanga wa taa katikati ya usiku. Usipa hauna uaminifu. Upo mwaka unaofurika hata bei yake inaanguka, na upo mwaka ambao wavuvi hukesha na kurudi na kiasi cha kitoweo tu, bila aliye pwani kueleza sababu. Upepo wa kusini-mashariki, ambao watu wa ziwa huuita mwera, unaweza kuinuka na kuzirudisha mitumbwi kabla taa hazijawashwa, na kila ukoo wa ufukweni unalo jina la mtu ambaye hakurudi. Pamoja na hayo, jioni ya giza la mwezi inapowadia, mitumbwi husukumwa majini, na juu ya mchanga, vichanja vya kuanikia samaki huwa vimekwisha kufagiwa, kamba zilizolegea zimekazwa na mikeka iliyotoboka imeshonwa, saa nyingi kabla ya mtu yeyote kujua kama asubuhi kutakuwa na cha kuanika.